Auti, Faulo na Rufaa: Lugha ya Mwamuzi na Kanuni za Besiboli Shuleni

UTANGULIZI

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, nguvu nyingi katika kazi ya istilahi zimeelekezwa kwenye nyanja za utawala, sheria, elimu na sayansi. Hilo halikuwa kosa. Taifa lililokuwa limeamua kuendesha shughuli zake kwa Kiswahili lilihitaji kwanza maneno ya ofisini na ya darasani. Michezo, kwa sehemu kubwa, iliachwa ijitafutie maneno yake viwanjani na redioni, na kwa upande wa mpira wa miguu ilijitafutia vizuri sana.

Hali huwa tofauti pale mchezo mgeni unapoingia shuleni ukiwa na kitabu kinene cha kanuni, bila ya kupitia kwanza midomoni mwa watu. Hivyo ndivyo mchezo wa besiboli ulivyoingia katika baadhi ya shule za sekondari za Dar es Salaam. Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya lugha ya mwamuzi wa michezo, kisha kuonyesha matatizo yanayojitokeza kanuni za besiboli zinapofasiriwa na kutekelezwa mbele ya wanafunzi wanaozungumza Kiswahili. Hoja yetu ni moja: kanuni ambayo mchezaji hawezi kuihoji kwa lugha anayoielewa, kwake si kanuni bali ni amri.

KISA CHA UWANJANI

Hoja hii hatukuipata maktabani. Tuliipata katika kiwanja cha shule moja ya upande wa Temeke, tulikokwenda kusikiliza maneno yanayotumiwa katika mchezo huo. Kiwanja chenyewe kilikuwa cha mpira wa miguu. Milingoti ya magoli ilikuwa imesimama pale pale, na vituo vya besiboli vilikuwa vimepangwa katikati yake. Mkimbiaji mmoja alikuwa katika kituo cha kwanza. Mpigaji aliupiga mpira ukaenda juu sana, na mkimbiaji akaondoka mbio kuelekea kituo cha pili. Mlinzi wa nyuma akaudaka mpira kabla haujagusa ardhi. Mwamuzi, ambaye alikuwa mwalimu, akainua ngumi na kupaza sauti: "Auti!"

Yule mkimbiaji akasimama katikati ya njia, akajishika kiuno, akatulia. Mpira ukarushwa hadi kituo cha kwanza, mlinzi wa pale akaudaka huku amekikanyaga kituo, na mwamuzi akapaza tena: "Auti!" Safari hii aliyetolewa ni mkimbiaji. Kijana akaja kwa adabu, akauliza: "Samahani, mwalimu, mpira si ulikuwa umeshatoka?" Mwalimu akamjibu: "Mwamuzi akishaamua, basi." Kijana akainamisha kichwa, akaenda kukaa.

Kwa mujibu wa kanuni, mwalimu alikuwa sahihi kabisa. Mpira ukidakwa hewani mpigaji hutolewa, lakini mchezo hausimami. Mkimbiaji aliyekwisha kuondoka hana budi kurudi kukigusa kituo chake, na mpira ukimtangulia kufika pale, naye hutolewa. Hata hivyo, kijana naye hakuwa mjinga. Kwake yeye, kama kwa kila mtoto aliyecheza mpira katika mitaa ya Temeke na Kinondoni, "auti" ni mpira uliovuka mstari. Mpira ukishakwenda auti mchezo umesimama. Hakuna wa kukimbia wala wa kukimbizwa mpaka urushwe ndani. Alisimama kwa sababu alilitii neno, na kwa kulitii neno akaadhibiwa na kanuni.

Kisa hiki kinatupa swali la makala haya. Je, kosa lilikuwa la nani: la mchezaji, la mwamuzi, au la neno?

NENO "MWAMUZI"

Yafaa tuanze na jina la mwenye kazi. Katika Kiswahili kitenzi "kuamua" kina maana mbili zilizo jirani. Ya kwanza ni kukata shauri. Ya pili ni kuwaachanisha wanaogombana. Mtu hutumwa akaamue ugomvi, akaingia katikati ya watu wawili waliokamatana na kumvuta kila mmoja upande wake. Kwa hiyo mwamuzi, kwa asili ya neno, si mtu wa kutoa amri kutoka mbali. Ni mtu aliyesimama kati ya pande mbili, na kazi yake haikamiliki mpaka pande zote mbili zimeachana kwa amani.

Neno la Kiingereza lililotupatia "ampaya" lina historia inayokaribiana na hii. Lilitokana na Kifaransa cha kale, na maana yake ilikuwa "asiye na jozi", yaani mtu wa tatu anayeitwa wawili wanaposhindwa kukubaliana. Nalo neno lililotupatia "refa" lina maana ya mtu anayepelekewa shauri. Katika mpira wa miguu wa Uingereza wa karne ya 19 kila timu ilikuwa na ampaya wake, na refa alikaa nje ya mistari akingoja hao wawili wampelekee jambo lililowashinda. Ni mwaka 1891 tu ndipo refa alipoingizwa ndani ya uwanja na kupewa mamlaka ya kuamua mwenyewe, na wale maampaya wawili wakasogezwa pembeni wakawa washika vibendera.

Historia hii ina funzo kwa mfasiri. Mamlaka ya mwamuzi hayakuanza na filimbi. Yalianza na pande mbili zilizokubaliana juu ya kanuni, kisha zikamtafuta mtu wa kuzitekeleza. Neno "mwamuzi" limelihifadhi wazo hilo kuliko "refa" na "ampaya", ambayo yaliingia yakiwa majina matupu. Kwa sababu hiyo tunaona kwamba "mwamuzi" linafaa kwa michezo yote, besiboli ikiwemo.

MAFUNZO YA MPIRA WA MIGUU

Kabla ya kuigusa besiboli, ni vema tutazame jinsi mpira wa miguu ulivyojipatia istilahi zake za uamuzi, kwani huko ndiko mwanafunzi wa Dar es Salaam anakozitoa fikra zake za kwanza juu ya kanuni. Klabu kubwa mbili za jiji zilianzishwa katika miaka ya 1930, Yanga mwaka 1935 na Simba, iliyowahi kuitwa Sunderland, mwaka 1936. Kwa hiyo lugha ya mpira ilikuwa na zaidi ya miaka thelathini ya kukomaa kabla Baraza letu halijaundwa.

Tuchukue mifano miwili. Wa kwanza ni "kuotea". Kuotea ni kuvizia, kama anavyofanya mwindaji kichakani. Watu wa mpira walilichukua neno hili kumwelezea mshambuliaji anayekaa nyuma ya walinzi akiusubiri mpira. Mtu angeweza kudhani kwamba ni neno la mzaha lisilo na usahihi wa kisheria. Kinyume chake, lina usahihi mkubwa. Sheria ya mpira wa miguu haisemi kwamba kusimama katika eneo hilo ni kosa. Kosa huja pale mchezaji anaposhiriki katika mchezo au kujipatia faida kutokana na kusimama huko. Anayeotea hasimami tu. Anasimama kwa ajili ya kitu. Neno lilichukua kiini cha sheria, si umbo lake la nje.

Mfano wa pili ni "kunawa". Mchezaji aliyeugusa mpira kwa mkono husemwa kuwa ameunawa mpira. Hakuna anayenawa kwa bahati mbaya, na kwa miaka mingi sheria ilimwadhibu mchezaji aliyeushika mpira kwa makusudi tu. Neno na sheria vilikwenda pamoja. Lakini mwaka 2019 sheria ilibadilishwa, ikawa bao linalofungwa baada ya mpira kugusa mkono wa mfungaji hukataliwa hata kama hakukusudia. Siku hizi mtu anaweza kuambiwa ameunawa mpira ilhali hakunawa. Hapa tunaona kwamba neno zuri la jana linaweza kuhitaji maelezo leo, na kwamba mwanaistilahi hana budi kufuatilia mabadiliko ya kanuni kama anavyofuatilia mabadiliko ya lugha.

Aidha, mwaka 1996 wakuu wa sheria za mpira duniani walibadilisha jina rasmi la wasimamizi wa pembeni. "Mshika kibendera" akawa "mwamuzi msaidizi". Badiliko hilo halikuwa la adabu tu. Mshika kibendera anatambulishwa kwa chombo alichoshika. Mwamuzi msaidizi anatambulishwa kwa kazi ya kuamua. Mitaani jina la kale bado linaishi, na halina ubaya, lakini katika maandishi ya kanuni tofauti hiyo ni ya maana.

BESIBOLI YAINGIA SHULENI

Besiboli ilianza kufundishwa katika shule za sekondari za Dar es Salaam mwaka 2012 kwa juhudi za Bwana Shinya Tomonari, aliyekuja nchini akiwa mtumishi wa Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani. Miongoni mwa shule za mwanzo ni Azania, iliyoko Upanga, na Kibasila, iliyoko upande wa Temeke. Katika miaka hiyo ya 2010 yalianzishwa pia mashindano ya taifa ya shule yaliyopewa jina la Koshien, kwa kufuata jina la uwanja mashuhuri uliojengwa Japani mwaka 1924, ambako wanafunzi wa sekondari wa nchi hiyo hushindania ubingwa wao wa kila mwaka. Mwaka 2018 uwanja wa besiboli ulifunguliwa katika Shule ya Sekondari Azania kwa msaada wa Japani.

Waliouleta mchezo huu waliusisitiza kwa maadili matatu: nidhamu, heshima na haki. Maneno haya matatu ni ya Kiswahili cha kawaida, na kila mwanafunzi anayaelewa. Jambo la kutafakari ni kwamba maadili yalifika kwa Kiswahili, na kanuni zikabaki katika Kiingereza. Katika michezo tuliyohudhuria, mwamuzi alitamka "straiki", "boli", "auti" na "sefu", na maelezo yote baina ya walimu na wanafunzi yakawa kwa Kiswahili. Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia katika sekondari, na mtu anaweza kusema kwamba hilo latosha. Sisi hatuoni hivyo. Mwanafunzi hutumia Kiingereza cha darasani akiwa ameketi, ana kitabu na ana muda. Uwanjani ana nusu ya sekunde.

PIGO LISILOPIGWA

Tatizo la kwanza ni la maneno mawili ambayo mwamuzi huyatumia kuliko mengine yote, yaani straiki na boli. Kwa tafsiri ya kikamusi, la kwanza ni "piga" na la pili ni "mpira". Lakini straiki nyingi ni mipira ambayo mpigaji hakuipiga, na boli haina maana ya mpira wowote bali ya mpira uliorushwa vibaya. Mwalimu mmoja alitueleza kwamba wanafunzi wake wapya hucheka kila akiwafundisha jambo hili, kisha huacha kuuliza.

Historia inalifungua fumbo. Klabu ya Knickerbocker ya New York ilipoandika kanuni zake mwaka 1845, mpigaji alihesabiwa majaribio matatu ya kupiga na kukosa. Hapakuwa na hesabu ya mpira ulioachwa upite. Wapigaji wajanja wakagundua kwamba wanaweza kusimama muda mrefu wakiukataa kila mpira mpaka waupate wanaoupenda, na mchezo ukakwama. Ndipo mwaka 1858 mwamuzi alipopewa uwezo wa kumhesabia mpigaji jaribio kwa mpira mzuri aliouacha makusudi, kana kwamba ameupiga akaukosa. Miaka michache baadaye haki hiyo ikageuzwa upande wa pili: mrushaji anayerusha ovyo makusudi naye akaanza kuhesabiwa mipira mibaya. Hesabu ya mipira mibaya ilibadilishwa mara nyingi, na mwaka 1889 ndipo ilipotulia kwenye minne.

Kwa hiyo straiki maana yake ni "pigo lililohesabiwa", na boli ni "mpira uliokataliwa". Zote mbili ni adhabu za kuchelewesha mchezo, moja kwa mpigaji na moja kwa mrushaji. Mfasiri akiijua historia hii hatapata shida. Tunapendekeza "pigo" kwa straiki, kwani neno hilo katika Kiswahili lina maana ya tendo la kupiga na pia ya hasara inayompata mtu, na mpigaji aliyefikisha mapigo matatu amepatwa na yote mawili. Kwa boli tunapendekeza "batili", neno ambalo watumishi wa serikali wanalijua vizuri: mpira umerushwa, lakini hauna nguvu ya kisheria. Batili nne, mpigaji anakwenda kituo cha kwanza bila ya kuzuiwa.

FAULO, CHENGA NA RUFAA

Tatizo la pili ni gumu zaidi, kwa kuwa linahusu maneno ambayo Kiswahili kinayo tayari, lakini kwa maana ya mchezo mwingine au ya taaluma nyingine. "Auti" tumekwisha kuielezea. Tuongeze matatu.

"Faulo" katika mpira wa miguu ni madhambi. Aliyecheza faulo amemkosea mwenzake. Katika besiboli mpira wa faulo ni ule tu uliopigwa ukaangukia nje ya mistari miwili ya pembeni. Hakuna aliyekosewa wala aliyekosa adabu. Tumemwona mwanafunzi akiomba radhi baada ya kupiga mpira wa namna hiyo. Afadhali useme "mpira wa nje".

"Chenga" ni sifa katika mpira wa miguu. Mtu anayepiga chenga hushangiliwa. Kanuni za besiboli zinamkataza mrushaji kumpiga chenga mkimbiaji kwa namna fulani. Akiwa amekanyaga kibao chake, naye ameanza mwendo wa kumrushia mpigaji, hana ruhusa ya kuukatisha ili kumnasa mkimbiaji aliyetoka kituoni. Akifanya hivyo, kila mkimbiaji husogezwa kituo kimoja mbele. Mwamuzi asiyeeleza kwamba hii ni "chenga iliyokatazwa" atamwacha mrushaji akijiona ameadhibiwa kwa ustadi wake.

"Rufaa" ndilo neno linalotuhusu zaidi sisi tunaofasiri maandishi ya sheria. Kanuni za besiboli zina utaratibu ambao kamusi za Kiingereza zingetuelekeza kuufasiri kwa neno hilo. Mkimbiaji aliyeruka kituo bila ya kukigusa, au aliyeondoka kabla mpira haujadakwa, hatolewi na mwamuzi mpaka timu ya ulinzi idai. Mwamuzi ameona, lakini ananyamaza. Sasa, rufaa katika mahakama zetu ni kupinga hukumu iliyokwisha kutolewa na kuipeleka ngazi ya juu. Hapa hakuna hukumu bado, wala hakuna ngazi ya juu; ni mdai anayefungua shauri mbele ya mwamuzi yule yule. Neno linalofaa ni "dai". Kanuni ya mkimbiaji wa Temeke ni ya aina hii hasa: kuupeleka mpira kituo cha kwanza na kukikanyaga ndiko kudai kwenyewe. Kama kijana angefundishwa neno "dai", angejua kwamba mchezo haukuwa umekwisha, na kwamba alikuwa na nafasi ya kurudi kabla halijatolewa.

Yafaa pia kutaja jozi ya maneno ambayo Kiswahili cha kila siku huyachanganya. Mlinzi asiye na mpira akimzibia mkimbiaji njia, kosa ni la mlinzi. Mkimbiaji akimsumbua mlinzi anayejaribu kuushika mpira, kosa ni la mkimbiaji. Mara nyingi yote mawili huitwa "kuzuia", ilhali matokeo yake ni kinyume kabisa: katika kosa la kwanza mkimbiaji hulindwa, na katika la pili hutolewa. Tunapendekeza "kuziba njia" kwa la kwanza na "kuingilia ulinzi" kwa la pili, na kila neno litumike mahali pake tu.

JICHO NA KANUNI

Tumefika kwenye kiini cha jambo. Mwamuzi wa besiboli hufanya kazi mbili zilizo tofauti. Kwanza, huona: je, mpira ulipita juu ya kibao chenye upana wa sentimita 43, kati ya magoti na kifua cha mpigaji? Je, mkono ulifika kituoni kabla ya mpira? Pili, hufasiri: kwa yaliyoonekana, kanuni inasema nini? Kazi ya kwanza ni ya jicho, na kanuni zinasema kwamba uamuzi wake ni wa mwisho. Hakuna wa kubishana na jicho la mwamuzi, maana hakuna uwanja ungekwisha mchezo. Kazi ya pili ni ya kanuni, na hapo kiongozi wa timu anaruhusiwa kumkumbusha mwamuzi kwa heshima kwamba kanuni imetumiwa vibaya, naye mwamuzi anaweza kuirekebisha.

Watumishi wa mahakama wataitambua tofauti hii mara moja. Ndiyo tofauti kati ya suala la ukweli na suala la sheria. Katika Kiswahili cha viwanjani yote mawili huitwa "uamuzi". Mwalimu wetu alipojibu kwamba mwamuzi akishaamua basi, alitoa jibu sahihi kwa swali ambalo halikuulizwa. Kijana hakubishana na jicho lake. Aliuliza juu ya kanuni, tena kwa adabu, na hilo lilistahili maelezo ya sentensi moja. Tunapendekeza basi "hukumu ya jicho" na "tafsiri ya kanuni", ili anayeuliza aweze kusema anauliza lipi, na anayejibu ajue anajibu lipi.

Zipo kanuni ambazo haziwezi kutekelezwa kabisa bila ya kuelewa sababu yake. Vituo cha kwanza na cha pili vikiwa na wakimbiaji, na waliotolewa hawajafika wawili, mpira mwepesi unaopaa juu ya eneo la ndani humfanya mwamuzi amtangaze mpigaji kuwa ametoka hata kabla mpira haujadakwa. Mtazamaji huona ni uonevu. Lakini kanuni hii ya miaka ya 1890 iliwekwa ili kuwalinda wakimbiaji. Bila yake, mlinzi angeuacha mpira uanguke kwa hila, kisha awatoe wakimbiaji wawili waliokuwa wamebaki vituoni kwa kudhani utadakwa. Ni juu ya mwamuzi kupima kama mpira ungedakwa kwa "juhudi ya kawaida". Maneno hayo mawili ni mepesi kuyafasiri, lakini kuyapima ni kazi ya busara.

Mfasiri hana budi pia kuuliza ni kanuni zipi anazozifasiri. Nchini Marekani shirikisho la vyama vya michezo vya shule za sekondari lina kitabu chake, tofauti na kile cha wachezaji wa kulipwa. Mchezo wa shule huko huwa na zamu saba badala ya tisa. Mchezaji aliyeanza mchezo akatolewa kupumzika anaweza kurejea mara moja. Na anayemgonga mwenzake kwa nia mbaya hutolewa na kufukuzwa mchezoni. Sababu ni kwamba wachezaji ni vijana wanaolelewa. Kufasiri kitabu cha watu wazima na kukipeleka shuleni ni kufasiri maneno na kuacha kusudi.

MFANO WA JAPANI

Kwa kuwa besiboli yetu ilitufikia kupitia Japani, inafaa tutazame jinsi Wajapani wenyewe walivyolikabili tatizo hili. Mchezo ulipelekwa kwao mwaka 1872 na mwalimu Mmarekani, Horace Wilson. Kwa zaidi ya miaka ishirini uliitwa kwa jina la kigeni, mpaka mwaka 1894 Chuman Kanae alipoupa jina "yakyu", yaani "mpira wa uwandani". Katika miaka hiyo hiyo ya 1890 mshairi Masaoka Shiki, aliyeupenda sana mchezo huo, alifasiri maneno mengi ya kanuni zake, yakiwemo ya mpigaji na mkimbiaji. Maneno hayo yangali yanatumika.

Kisha ikaja vita. Mwaka 1943 maneno ya Kiingereza yalipigwa marufuku katika mchezo huo, na mwamuzi akaamriwa kusema "yoshi", yaani "vyema", badala ya straiki. Vita vilipokwisha mwaka 1945, "straiki" ilirudi, na yale maneno ya amri yakafa. Maneno ya Shiki hayakufa. Tofauti ni dhahiri: ya kwanza yaliundwa na mtu aliyecheza, kwa ajili ya watu waliotaka kuelewa, ya pili yaliundwa ili kulifukuza neno la adui. Istilahi haiishi kwa sababu imetangazwa. Huishi kwa sababu imemfaa mtu.

HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kwamba lugha ya mwamuzi si jambo dogo la michezo. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hoja kwamba mwananchi anastahili kuisikia haki kwa lugha yake. Kijana wa sekondari hukutana na kanuni, mwamuzi na hukumu uwanjani miaka mingi kabla ya kukutana navyo mahakamani. Akizoezwa huko kwamba hukumu ni sauti isiyoulizwa, ataichukua tabia hiyo mpaka ofisini, akiwa mwananchi anayeogopa kuuliza au mtumishi asiyependa kuulizwa.

Kwa hiyo tunatoa maoni matatu. Kwanza, istilahi tulizozipendekeza hapa, yaani pigo, batili, mpira wa nje, dai, kuziba njia na kuingilia ulinzi, zijaribiwe viwanjani na walimu wenyewe kabla ya kusanifishwa. Yasiyotamkika kwa pumzi moja yaachwe. Pili, pale neno la kigeni limekwisha kuzoeleka bila ya kupotosha, kama "sefu", lisifukuzwe. Tatu, pale linapopotosha, kama "auti" na "faulo", lisiachwe kwa sababu tu ya mazoea. Badala ya "auti" mwamuzi aseme "ametoka", ili isikike wazi kwamba aliyetoka ni mtu, wala si mpira.

Tunarudi kwenye swali la mwanzo. Katika kiwanja kile cha Temeke mchezaji hakukosa, kwani alilifuata neno alilolijua. Mwamuzi naye hakukosa, kwani aliifuata kanuni. Kosa lilikuwa la neno, na wenye wajibu wa kulirekebisha ni sisi tunaofanya kazi hii ya istilahi. Walimu watakaoyajaribu maneno haya watuletee taarifa: lipi lilitamkika, lipi lilichekwa, na lipi mwanafunzi alilitumia kuuliza swali.